Gharama zinazopunguza kodi ya mapato: mwongozo kwa waliojiajiri Arusha na Moshi

Mwongozo huu ni wa mtu anayeishi kwa kazi za vipande na mikataba mifupi: mpiga picha wa harusi na safari, mwongoza watalii anayeitwa leo na kampuni hii na kesho na ile, mtafsiri, mbunifu wa michoro, mtengenezaji wa tovuti anayelipwa na mteja wa London huku yeye ameketi Njiro, mwandaaji wa maudhui ya mtandaoni, fundi wa kompyuta wa Moshi mjini. Hakuna mwajiri anayewakatia kodi kila mwezi, kwa hiyo hesabu yote iko mikononi mwao, na swali wanaloliuliza mara nyingi ni gharama zipi mtu anaruhusiwa kutoa kabla kodi haijapigwa. Hilo ni swali la pili. La kwanza ni kama unalipa kodi kwa mauzo au kwa faida, kwa sababu anayelipa kwa mauzo hatoi gharama hata moja, awe na gunia la risiti au asiwe nalo. Nimeona watu wakihangaika mwaka mzima kukusanya risiti ambazo kwa njia yao ya kulipa hazina kazi, na wengine, ambao kodi yao yote inategemea risiti, wakiziacha mezani kwenye kituo cha mafuta.

Madereva wa bodaboda, bajaji na teksi wana jedwali lao linalofuata aina ya chombo, kwa hiyo mwongozo huu hauwahusu kwa sehemu kubwa, isipokuwa kama wana kazi nyingine pembeni.

Hatua ya kwanza: jua uko kwenye njia ipi

Sheria ya Kodi ya Mapato, Sura ya 332, imeweka njia mbili kwa mtu binafsi mwenye biashara. Njia ya kwanza ni kodi ya makadirio, ambayo hupigwa juu ya mauzo ghafi. Anayeingia humo ni mkazi wa Tanzania ambaye mapato yake yote ya mwaka yanatokana na biashara iliyoko nchini, mauzo yake hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka, na hajachagua mwenyewe kujitoa. Maneno hayo ya mwisho yana uzito, kwa kuwa yanaonyesha kwamba mwenye sifa za makadirio anaweza kuomba akadiriwe kwa faida. Neno "yote" nalo lisikupite: mwalimu wa sekondari mwenye mshahara ambaye mwisho wa wiki anapiga picha za harusi hana mapato ya biashara peke yake, na hivyo biashara yake ndogo haiingii kwenye makadirio hata kama mauzo ni kidogo.

Kwa viwango vilivyoanza Julai 2022, mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi. Kuanzia hapo hadi milioni 7, asiyetunza kumbukumbu hulipa 100,000, ilhali anayezitunza hulipa asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 4. Kati ya milioni 7 na milioni 11, asiye na kumbukumbu hulipa 250,000, na mwenye kumbukumbu hulipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7. Juu ya milioni 11 hadi milioni 100 ni asilimia 3.5 ya mauzo. Kwa kuwa Sheria ya Fedha hupitishwa kila mwaka na marekebisho yake huanza Julai, chukua jedwali la mwaka husika kwenye ofisi ya TRA au kwenye tovuti yao kabla hujapiga hesabu yoyote ya kulipia.

Watoa huduma za kitaalamu, kiufundi, usimamizi, ujenzi na mafunzo wametolewa kwenye makadirio, hata mauzo yao yakiwa madogo. Hapa ndipo penye mvutano kwa watu wa kazi za vipande, kwa sababu neno "kitaalamu" linaweza kumgusa mhasibu bila ubishi, lakini likamfikia mtafsiri, mbunifu au mtengenezaji wa tovuti kulingana na jinsi kazi yake ilivyoelezwa alipojisajili. Usiache jambo hili likaamuliwa kimyakimya. Mwandikie barua meneja wa ofisi ya TRA unayohudumiwa, eleza kazi yako kwa sentensi chache zilizo wazi, ambatanisha mkataba mmoja au miwili, uliza uko kwenye njia ipi, na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Barua hiyo itakufaa miaka mitatu baadaye, afisa mwingine atakapokuwa amekalia kiti kile.

Kama bado huna TIN, yaani namba ya mlipakodi, hutolewa bila malipo kwa kutumia namba ya NIDA, na anayeanza biashara anatakiwa kujisajili ndani ya siku 15. Usimlipe mtu yeyote anayekusubiri nje ya ofisi kwa ajili ya kazi hiyo.

Hatua ya pili: piga hesabu zote mbili kabla ya kuchagua

Njia ya pili, ya faida, huanza na mauzo, ikatoa gharama zinazokubalika, kisha kinachobaki hupitishwa kwenye viwango vya mtu binafsi. Kwa mwaka, shilingi 3,240,000 za mwanzo hazitozwi; kutoka hapo hadi 6,240,000 ni asilimia 8; hadi 9,120,000 ni 240,000 pamoja na asilimia 20 ya kinachozidi 6,240,000; hadi 12,000,000 ni 816,000 pamoja na asilimia 25 ya kinachozidi 9,120,000; na juu ya hapo ni 1,536,000 pamoja na asilimia 30 ya kinachozidi milioni 12.

Tuchukue mpiga picha wa Sakina mwenye mauzo ya milioni 24 kwa mwaka, ambaye ofisi imekubali kwamba anaweza kuwa kwenye makadirio. Kwa njia ya mauzo atalipa asilimia 3.5, yaani shilingi 840,000. Sasa tuangalie gharama zake: kukodi magari na mafuta 6,200,000, msaidizi wa kubeba vifaa na taa 2,880,000, uchapishaji wa albamu 3,400,000, bando la intaneti 720,000, uchakavu wa vifaa 1,800,000, leseni, bima na matengenezo 1,000,000. Jumla ni milioni 16, faida ni milioni 8, na kodi ni 240,000 pamoja na asilimia 20 ya 1,760,000, ambayo ni 352,000. Atalipa 592,000. Njia ya faida inamwokolea 248,000, mradi gharama zote zina ushahidi.

Mgeukie mtu wa kompyuta moja mwenye mauzo hayohayo ya milioni 24, lakini gharama zake zote, bando, umeme na uchakavu, hazifiki zaidi ya milioni 3. Faida yake ni milioni 21, na kodi kwa njia ya faida ni 1,536,000 pamoja na asilimia 30 ya milioni 9, jumla 4,236,000. Akiwa anastahili makadirio angelipa 840,000. Kwa mauzo ya milioni 24, mpaka kati ya njia hizi mbili uko kwenye faida ya kama milioni 9.2: ukibaki na chini ya hapo, faida ndiyo njia nafuu, ukibaki na zaidi, mauzo ndiyo nafuu. Ndiyo maana ushauri wa jumla unaosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, kwamba "kusanya risiti utapunguza kodi", unamfaa mmoja na kumpotosha mwingine. Aliyetolewa kwenye makadirio kwa sababu ya utaalamu hana cha kuchagua, na kwake kila gharama isiyo na ushahidi inaweza kumgharimu hadi asilimia 30 ya thamani yake.

Kwa mwenye mauzo madogo, hesabu ni fupi zaidi. Mwongoza watalii chipukizi aliyeuza kazi za milioni 9 kwa mwaka atalipa 250,000 bila kumbukumbu, na 150,000 akiwa nazo. Daftari la shilingi elfu tatu limemwachia laki moja.

Hatua ya tatu: tenganisha fedha za kazi na za nyumbani

Fungua akaunti au laini ya simu ambayo haipokei chochote isipokuwa malipo ya kazi, na hailipi chochote isipokuwa gharama za kazi. Lipa Namba inafaa sana kwa hili, kwa sababu taarifa yake ya miamala inajitegemea na haichanganyiki na fedha alizotuma shangazi kutoka Rombo kwa ajili ya msiba. Ukitaka kula, jihamishie kiasi fulani kwenda laini yako binafsi na ukiandike kuwa ni matumizi ya mwenye biashara. Fedha hiyo si gharama, wala huwezi kuiita mshahara wako mwenyewe, kwa kuwa mtu binafsi hajiajiri kwa maana ya kujilipa mshahara unaotolewa kwenye faida.

Andika mauzo kwa kiasi kizima. Mteja wa ng'ambo akilipa dola 500 kupitia Upwork, jukwaa la kazi za mtandaoni, nalo likakata kamisheni yake kabla fedha haijakufikia, mauzo yako ni dola 500, na kamisheni ni gharama. Kwa anayelipa kwa faida hakuna kinachoharibika. Kwa anayelipa kwa mauzo, anatozwa hata ile kamisheni aliyoikatwa, jambo la kulikumbuka unapopanga bei. Badilisha kiasi hicho kuwa shilingi kwa kiwango cha Benki Kuu cha siku ya malipo na ukiandike kiwango chenyewe pembeni. Bakshishi ya wageni nayo ni mapato, iwe imetolewa kwa bahasha pale lango la Marangu baada ya kushuka mlima au imetumwa kwa simu wiki mbili baadaye. Kiongozi anayepokea bahasha ya kundi zima na kuigawa kwa wapishi na wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, aandike mgao wa kila mmoja na kupata sahihi zao, ili asije akahesabiwa fedha ambayo ilipita tu mikononi mwake.

Jambo linalofanana na hilo ni fedha za mteja za kulipia vitu vya watu wengine. Mpiga picha akikubali milioni 2 zikiwa zimebeba 500,000 za gari la kukodi, mauzo yake yanasomeka milioni 2. Ni bora mteja amlipe mwenye gari moja kwa moja, au ankara itenganishe vitu hivyo waziwazi na risiti ya gari itoke kwa jina la mteja.

Hatua ya nne: pitisha kila gharama kwenye kipimo kimoja

Kipimo cha sheria ni kwamba matumizi yawe yamefanyika yote na kwa ajili ya kuzalisha mapato tu, ndani ya mwaka husika. Mafuta ya kwenda Karatu kupiga picha za mteja yanapita. Mafuta ya kwenda kusalimia wazazi Machame hayapiti, hata kama njiani ulipokea simu ya mteja. Bando, muda wa maongezi wa laini ya kazi, ada za miamala ya benki na ya simu, matangazo ya mitandaoni, ada ya leseni, bima ya vifaa, matengenezo, usajili wa programu za kuhariri, ada ya mhasibu, na malipo ya wasaidizi, vyote vinapita vikiwa na ushahidi. Riba ya mkopo uliokopwa kwa ajili ya kazi inapita pia, lakini marejesho ya mkopo wenyewe hayapiti, na hapa wengi huandika rejesho zima la mwezi kana kwamba ni gharama moja. Omba benki au taasisi iliyokukopesha ikupe jedwali la marejesho linalotenganisha riba na mtaji.

Visivyopita ni matumizi ya nyumbani, kodi ya mapato yenyewe, faini na adhabu, rushwa ya namna yoyote, na gharama za kununua mali ya kudumu, ambazo zina utaratibu wake kama nitakavyoeleza. Faini ya barabarani uliyopigwa ukiwa na mgeni wa safari ni faini tu, hata kama safari ilikuwa ya kazi. Nguo za kawaida hazipiti. Kuhusu viatu vya mlimani, magunia ya kulalia na makoti mazito ya mwongoza watalii wa Kilimanjaro, maoni yangu ni kwamba vinatetewa vizuri kama vifaa vya kazi, hasa vikitunzwa pamoja na vifaa vingine, kwa kuwa hakuna mtu wa Moshi anayevaa koti la kileleni kwenda soko la Mbuyuni.

Kitu kinachotumika kwa kazi na kwa nyumbani kigawe kwa kipimo unachoweza kukieleza. Gari likitembea kilomita 18,000 kwa mwaka na kitabu cha safari kikionyesha 12,000 ni za kazi, theluthi mbili ya mafuta, bima na matengenezo ni gharama. Bila kitabu cha safari, theluthi mbili hiyo ni maneno matupu, na afisa ana haki ya kuikataa yote.

Msaidizi unayemlipa mara kwa mara anakuja na wajibu: mshahara ukizidi 270,000 kwa mwezi kuna kodi ya mshahara ya kukata, na ajira ya kudumu inahitaji usajili NSSF na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi.

Hatua ya tano: dai risiti, isome, ihifadhi

Sehemu hii ndiyo inayobeba mwongozo wote kwa anayelipa kwa faida. Afisa anapokagua, kitu cha kwanza anachokitafuta ni risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kielektroniki ya kodi, na pale ambapo muuzaji alipaswa kuitoa, taarifa ya benki au ujumbe wa simu peke yake haitoshi kusimama badala yake.

Unapolipa, taja TIN yako kabla mhudumu hajabonyeza mashine, kwa sababu risiti ikishatoka bila TIN ya mnunuzi haiongezwi kwa kalamu. Kisha isome ukiwa bado dirishani. Angalia jina na TIN ya muuzaji, tarehe na saa, maelezo ya kitu ulichonunua, kiasi, msimbo wa uhakiki na ile alama ya QR chini yake. Kiasi kilichoandikwa kiwe kile ulicholipa. Vipo vituo vya mafuta ambako mteja hupewa risiti ya gari lililotangulia, na ukiondoka nayo umeondoka na gharama ya mtu mwingine. Ukitilia shaka, ingiza msimbo kwenye ukurasa wa uhakiki wa TRA kwa simu yako, nayo itakuonyesha kama risiti imo kwenye mfumo.

Karatasi ya risiti hizi huandikwa kwa joto, si kwa wino. Iache kwenye dashibodi ya gari lililoegeshwa juani pale Kilombero na baada ya muda utabaki na kikaratasi chenye weusi wa mawingu usiosomeka. Kwa hiyo ipige picha siku hiyohiyo, ukiilaza juu ya meza na kuonyesha kuanzia jina la muuzaji hadi alama ya QR, uipe faili jina la tarehe na kazi, kwa mfano "2025-08-14 mafuta Karatu harusi", kisha karatasi yenyewe uitie kwenye bahasha ya mwezi. Picha zitunze mahali pawili, simuni na kwenye hifadhi ya mtandaoni, kwa kuwa simu huibwa.

Wapo watu ambao hawana mashine ya EFD na hawalazimiki kuwa nayo: kijana wa kubeba spika, mama anayepika chakula cha timu, fundi cherehani wa mtaani. Hao uwalipe kwa simu, na uandike hati ya malipo yenye jina kamili, namba ya simu, namba ya kitambulisho, kazi iliyofanyika, tarehe, kiasi na sahihi. Haina nguvu sawa na risiti ya EFD, lakini hati kumi zilizoandikwa vizuri na zinazolingana na miamala ya simu humpa afisa sababu ya kukubali, na karatasi moja iliyoandikwa "vibarua 400,000" humpa sababu ya kukataa.

Kumbukumbu zote zitunzwe kwa miaka isiyopungua mitano, kwa Kiswahili au Kiingereza, na hesabu ziwe kwa shilingi ya Tanzania.

Hatua ya sita: mali za kudumu zitoe kwa uchakavu

Kompyuta mpakato ya shilingi 3,200,000 haitolewi yote mwaka ulioinunua. Sheria hupanga mali kwa madaraja: kompyuta na vifaa vya kuchakata taarifa viko daraja la 1, pamoja na magari madogo, na punguzo lake la uchakavu ni asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki kila mwaka. Mwaka wa kwanza utatoa 1,200,000, thamani itabaki 2,000,000, na mwaka wa pili utatoa 750,000. Samani, vifaa vya ofisini, na mali ambayo haikutajwa kwenye daraja jingine huangukia daraja la 3, ambalo ni asilimia 12.5 kwa utaratibu uleule.

Tengeneza orodha ya mali: kitu, namba ya mfululizo, tarehe ya kununua, bei, risiti iko wapi. Kamera iliyonunuliwa kwa mtu mkononi bila hati yoyote ni ngumu kuitetea, kwa hiyo andikianeni mkataba mfupi wa mauziano wenye namba ya mfululizo na nakala ya kitambulisho cha muuzaji. Ukiuza kifaa, bei uliyouzia nayo huingia kwenye hesabu ya daraja lake.

Hatua ya saba: chumba cha kazi na kodi ya pango

Anayefanyia kazi nyumbani anaweza kutoa sehemu ya kodi ya pango na umeme inayolingana na chumba kinachotumika kwa kazi. Nyumba yenye vyumba vinne vilivyo sawa, kimoja kikiwa ni ofisi tu, inatoa robo. Chumba ambacho mchana ni ofisi na usiku watoto hulala humo hakipiti kwa urahisi. Kwa umeme, tunza ujumbe wa LUKU unaoonyesha mgawanyo wa kila ununuzi, na uondoe kwanza kodi ya jengo iliyokatwa humo kabla hujagawa.

Anayepanga ofisi kwa ajili ya biashara ana wajibu ambao wengi huujua wakati wa ukaguzi: anatakiwa kuzuia asilimia 10 ya kodi ya pango na kuiwasilisha TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi wa malipo kwisha, na mkataba wenyewe unatozwa ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya pango la mwaka. Wenye nyumba wengi hawapendi kusikia habari hii, na baadhi humwambia mpangaji atafute chumba kwingine. Zungumza na mwenye nyumba kabla ya kusaini, mueleze kwamba utampa hati ya kodi iliyozuiwa naye ataitumia kwenye hesabu zake mwenyewe, na mwandike kwenye mkataba kama bei mliyokubaliana ni kabla au baada ya asilimia 10. Ukilipa pango lote kisha TRA ikaidai asilimia hiyo, itaidai kwako.

Hatua ya nane: fuatilia kodi ya zuio uliyokatwa

Kampuni za utalii na wateja wengine wenye wajibu huo hukata asilimia 5 kwenye malipo ya huduma, na tangu 2024 malipo kwa waandaaji wa maudhui ya mtandaoni nayo hukatwa kiasi hicho. Mwongoza watalii aliyekubaliana 600,000 kwa safari atapokea 570,000. Mauzo yake ni 600,000, na zile 30,000 ni kodi yake iliyokwisha kulipwa, inayopunguzwa kwenye kodi ya mwaka. Lakini hupunguzwa kwa hati ya kodi ya zuio yenye TIN yake, si kwa maneno ya mhasibu wa kampuni. Idai hati kila mwisho wa mwezi wakati bado unahitajika kazini. Kampuni iliyofunga msimu hupokea simu kwa shida, na ile iliyofungwa kabisa haipokei.

Hatua ya tisa: kalenda ya malipo na jinsi masika yanavyoiathiri

Kwa watu wengi wa kazi hizi, mwaka wa kodi ni Januari hadi Desemba. Kadirio la mwaka huwasilishwa kabla ya Machi 31, na kodi hulipwa kwa awamu nne: Machi 31, Juni 30, Septemba 30 na Desemba 31. Unapata kontrol namba kwenye mfumo na kulipa benki au kwa simu. Anayelipa kwa faida huwasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi, ya mwisho wa mwaka ndani ya miezi 6, yaani kabla ya Juni 30 ya mwaka unaofuata, na ya mwenye mauzo makubwa hupita kwanza kwa mhasibu aliyeidhinishwa. Kuchelewa huzaa adhabu ya kila mwezi au sehemu ya mwezi, na riba juu ya kodi yenyewe.

Kwa mtu wa Arusha na Moshi, awamu ya kwanza na ya pili ndizo zinazouma. Mvua za masika huanza Machi na kuendelea hadi Mei, wageni hupungua, magari huegeshwa, na mlima hubaki na makundi machache. Halafu msimu mkubwa huanza Juni na kwenda hadi Oktoba. Kwa hiyo awamu mbili za mwanzo hulipwa kwa fedha ya Desemba, Januari na Februari, na asiyeweka akiba miezi hiyo hukopa ili kulipa kodi. Weka pembeni sehemu ya kila malipo siku yanapoingia, kwenye akaunti ambayo haina kadi.

Kadirio linaweza kurekebishwa mwaka ukiwa bado unaendelea. Ukiona kufikia Agosti kwamba kazi ulizotarajia hazikuja, peleka kadirio jipya lenye sababu na ushahidi, na awamu zilizobaki zitapungua. Ukiona kinyume chake, liongeze mwenyewe, kwa sababu kadirio lililokuwa chini mno ya kodi halisi huzaa riba. Walio kwenye makadirio ya mauzo nao waende ofisini kila mwanzo wa mwaka na daftari lao, badala ya kuacha wakadiriwe kwa kiasi cha mwaka jana, maana mwaka wa masika marefu haufanani na uliotangulia.

Ikiwa TRA itatoa tathmini ambayo imekataa gharama zako, una siku 30 tangu kuipokea kuwasilisha pingamizi kwa maandishi, na kwa kawaida hulazimika kulipa kodi usiyoibishia au theluthi moja ya kodi iliyotathminiwa, ile iliyo kubwa zaidi, ili pingamizi lipokelewe. Kamishna anaweza kupunguza au kusamehe kiasi hicho ukitoa sababu za msingi. Pingamizi liandikwe kwa kufuata mpangilio wa gharama zilizokataliwa, kila moja na risiti yake, tarehe yake na mkataba wa kazi iliyohusika, kisha lipelekwe likiwa na nakala mbili: moja ya ofisi na moja ya kugongewa muhuri ubaki nayo.